Paukwa Bila Pakawa: Visasili, Lugha na Filamu za Majaribio za Wenyeji Asilia wa Amerika Kaskazini



1. Utangulizi

Kila aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili anajua kwamba hadithi haianzi mpaka hadhira iitike. Fanani husema "Paukwa", kisha hunyamaza na kungoja. Wasikilizaji wakijibu "Pakawa", ndipo hadithi inapopata ruhusa ya kuendelea. Katika madarasa ya fasihi simulizi jambo hili huitwa fomyula ya kuanzia. Tumezoea kuliorodhesha pamoja na sifa nyingine za ngano, kisha tukapita. Leo naomba tukae nalo kidogo, kwa sababu limebeba swali zito: fanani anayesema "Paukwa" na asipate wa kumwitikia, afanye nini?

Swali hili nitalichunguza mbali na kwetu, katika historia ya filamu zilizotengenezwa na wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, yaani watu waliokuwako katika bara lile kabla ya kuja kwa Wazungu na ambao leo lugha zao nyingi zimebakiwa na wasemaji wachache. Nitajishughulisha hasa na filamu za majaribio. Kwa istilahi hiyo nakusudia filamu zisizoridhika na utaratibu uliozoeleka wa kusimulia kwa picha, bali hujaribu njia nyingine za kupanga sauti, maandishi na mandhari. Nyingi kati yake zimejengwa juu ya visasili vya mababu.

Historia hii huandikwa mara nyingi kama historia ya kamera: nani aliishika kwanza, lini, na kwa fedha za nani. Hayo yana umuhimu wake. Hata hivyo, mhadhara huu unadai kwamba jaribio kubwa zaidi la watengenezaji hawa lilifanyika katika lugha. Kila mmoja wao alilazimika kuamua nani anaitwa na filamu yake, na nani anatarajiwa kuitika.

2. Picha zisizosema

Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alionyesha filamu yake Nanook of the North, aliyoipiga miongoni mwa Wainuit wa pwani ya Hudson Bay, kaskazini mwa Quebec. Filamu hiyo ilipata sifa duniani kote. Mhusika wake mkuu aliitwa Nanook, ingawa jina la mtu aliyeonekana katika picha lilikuwa Allakariallak. Aliwinda kwa chusa mbele ya kamera, ilhali wakati huo watu wake walikwisha kuwa na bunduki. Filamu za enzi hizo hazikuwa na sauti, na maelezo yaliyoandikwa kati ya picha na picha yalikuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo dunia ilimwona Mwinuit akicheka, akila na akijenga nyumba ya barafu, pasipo kusikia neno lake hata moja.

Nasi tuliwahi kupitia hali inayokaribiana na hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 kutoka kituo chake cha Vugiri, Usambara. Picha zilipigwa kwanza, kisha maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yaliwekwa juu yake kwa njia ya santuri. Hapo lugha ya Mwafrika ilisikika, lakini ilisikika ikimwelekeza Mwafrika jinsi ya kulima na kutunza afya. Ilikuwa ni sauti ya kusikilizwa, wala haikungoja jibu.

Mabadiliko ya kwanza yanayotuhusu hapa yalitokea katika kiangazi cha mwaka 1966, huko Pine Springs, Arizona, katika ardhi ya Wanavajo. Wataalamu wawili, Sol Worth na John Adair, waliwafundisha Wanavajo wachache kutumia kamera, kisha wakawaachia waamue wenyewe cha kupiga. Imesimuliwa kwamba kabla ya kazi kuanza, mganga mmoja mzee aliwauliza wageni hao iwapo filamu zingewadhuru kondoo. Alipoambiwa kwamba hazingewadhuru, aliuliza iwapo zingewafaa. Alipojibiwa kwamba hazingewafaa pia, alitaka kujua basi za nini. Swali la mzee huyo halikuwa la dhihaka. Aliuliza kazi hii inamwitikia nani katika maisha ya watu wake.

Filamu zilizotokea ziliwashangaza wataalamu. Katika filamu ya mfumaji, sehemu kubwa ya muda inatumika kutembea: kutafuta sufi, kutafuta mimea ya kutia rangi, kurudi nyumbani. Kufuma kwenyewe ni sehemu ndogo tu. Mtazamaji wa nje huona kwamba filamu inachelewa, kumbe katika masimulizi ya Wanavajo safari ndiyo kiini cha habari. Mmoja wa washiriki, msanii Al Clah, alikwenda mbali zaidi. Filamu yake Intrepid Shadows haina mhusika wala kisa cha kawaida. Kuna utando wa buibui, gurudumu linalobingirika, kinyago na vivuli. Wanavajo wenzake wengi walisema hawakuielewa.

Hata hivyo, filamu zote za Pine Springs zilikuwa bubu, kwa kuwa kamera zilizotumika hazikurekodi sauti. Mpangilio wa picha ulikuwa wa Kinavajo, lakini Kinavajo chenyewe hakikusikika.

3. Hadithi katika lugha yake

Victor Masayesva, Mhopi wa kijiji cha Hotevilla, Arizona, alizaliwa mwaka 1951. Mwaka 1984 alikamilisha filamu ya video iitwayo Itam Hakim, Hopiit, kwa msaada wa kituo cha televisheni cha Ujerumani. Msimulizi wake ni mzee Ross Macaya. Mzee huyo anasimulia mambo ya utoto wake, kisha anaingia katika kisasili cha Wahopi kutoka katika ulimwengu wa chini na kuhamahama kwa koo zao, hadi kufikia uasi wa mwaka 1680, wakati Wahopi na majirani zao walipowafukuza Wahispania.

Kwa mtu aliyezoea vipindi vya televisheni, filamu hii ni ya ajabu. Mzee anapozungumza, picha haikimbilii kuonyesha kila anachokitaja. Tunaona mahindi, mawingu yanayokwenda kwa kasi isiyo ya kawaida, na picha nyingine ambazo rangi zake zimegeuzwa kwa mitambo. Kisasili, historia na kumbukumbu ya mtu mmoja vinafuatana bila mpaka, kama vinavyofuatana katika kinywa cha msimulizi. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kuweka kisasili katika fungu moja na visakale katika fungu jingine. Mzee Macaya hana haja na mafungu hayo.

Jambo la maana zaidi ni kwamba filamu ilitengenezwa kwa Kihopi. Ilitolewa pia kwa Kiingereza, lakini ile ya Kihopi ilikuwa na hadhi yake yenyewe: haikuwa rasimu ya kutafsiriwa, na mtazamaji asiyejua lugha hiyo alibaki na mahindi, mawingu na sauti ya mzee. Masayesva, ambaye pia ni mpiga picha, ameeleza katika maandishi yake kwamba kujizuia kupiga picha kunaweza kuwa tendo la ibada. Naona kwamba kujizuia kutafsiri ni tendo la jamaa hiyohiyo. Kwa miongo mingi watafiti na watalii walikwenda vijijini mwa Wahopi kuchukua, na mara hii filamu iliwaambia kwa upole kwamba wao hawakuwa walioitwa.

4. Kijiji kilichoikataa televisheni

Tuelekee sasa kaskazini, kwenye kisiwa cha Igloolik nchini Kanada. Mwaka 1975, na tena mwaka 1979, wakazi wake waliulizwa kwa kura kama wanataka televisheni ya setilaiti. Mara zote mbili walikataa, kwa sababu vipindi havikuwa na Kiinuktitut. Walikubali mwaka 1983 tu, baada ya Shirika la Utangazaji la Wainuit, lililoundwa mwaka 1981, kuanza kurusha vipindi katika lugha yao. Mifano ya jamii iliyoikataa televisheni kwa sababu ya lugha ni michache mno.

Mwaka huohuo wa 1981 mchongaji mmoja wa kijiji hicho, Zacharias Kunuk, aliuza vinyago vyake mjini Montreal na kununua kamera ya video, ingawa kijijini kwake televisheni ilikuwa bado haijaruhusiwa. Mwaka 1990 yeye pamoja na Paul Apak Angilirq, Pauloosie Qulitalik na Norman Cohn walianzisha kampuni ya Isuma. Kazi yao iliyofahamika zaidi ni Atanarjuat, filamu ndefu ya kwanza kuandikwa, kuongozwa na kuigizwa kwa Kiinuktitut. Mwaka 2001 ilipata tuzo ya Camera d'Or katika tamasha la Cannes.

Kisa chake ni cha zamani. Ndugu wawili wanashambuliwa wakiwa wamelala. Mmoja anauawa, na wa pili, Atanarjuat, anakimbia uchi juu ya barafu ya bahari. Kunuk alikisikia kisa hiki utotoni kutoka kwa mama yake. Angilirq, aliyefariki mwaka 1998 kabla ya filamu kukamilika, alirekodi masimulizi ya wazee kadhaa na kuyalinganisha, kama mtafiti wa fasihi simulizi anavyolinganisha matoleo ya ngano moja. Katika masimulizi ya kale Atanarjuat analipiza kisasi kwa kuua. Filamu inamalizika kwa wakosaji kufukuzwa kijijini, bila damu. Wapo waliouliza kama mabadiliko hayo si uharibifu wa urithi. Jibu liko katika utanzu wenyewe: kila fanani hurekebisha mwisho kwa ajili ya hadhira iliyo mbele yake. Kisasili kisichoruhusiwa kubadilika kimekwisha kuwa kitu cha kabatini.

5. Lugha ya soko na kisasili cha mauti

Nimefikia mfano ambao, kwa maoni yangu, una somo kubwa zaidi kwa wanataaluma wa Kiswahili.

Kwenye mdomo wa Mto Columbia, katika majimbo ya sasa ya Oregon na Washington, kulikuwa na lugha ya mawasiliano iitwayo Chinuk Wawa. Neno "wawa" lina maana ya usemi. Msingi wake ni lugha ya Wachinook, na ilichukua maneno kutoka lugha nyingine za wenyeji wa pwani ile, halafu Kifaransa na Kiingereza. Mdomo, kwa mfano, huitwa "labush", kutokana na Kifaransa, kibainishi kikiwa kimemezwa ndani ya neno. Wanaisimu wetu watakumbuka jinsi Kiswahili kilivyochukua neno la Kiarabu "kitabu" na kulipa wingi wa "vitabu".

Vitabu vya Kiingereza viliidharau lugha hii, vikaiita kijilugha cha kibiashara tu. Lakini katikati ya karne ya 19 serikali ya Marekani ilikusanya makabila zaidi ya 20 katika hifadhi ya Grand Ronde, Oregon. Wazazi wa lugha mbalimbali waliooana walizungumza Chinuk Wawa nyumbani, na watoto wakaipata kama lugha ya kwanza. Kwa istilahi za isimu, pijini ilizaa krioli. Baadaye shule za bweni ziliwaadhibu watoto kwa kusema lugha zao, adhabu ambayo wenzetu wa Kenya waliovishwa kibao shuleni hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1954 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kufuta utambuzi wa makabila ya magharibi ya Oregon. Grand Ronde ilirudishiwa utambuzi wake mwaka 1983.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili ni krioli. Utafiti umekwisha kuonyesha kwamba ni lugha ya Kibantu kwa sarufi na kwa asili. Kinachofanana ni dharau. Lugha zote mbili ziliambiwa kwamba, kwa kuwa zimechukua maneno ya wageni na kutumika sokoni, hazina wenyewe wala hazina kina. Mjadala mrefu wa "Mswahili ni nani?" ulitokana kwa sehemu na dharau hiyo.

Sky Hopinka alizaliwa mwaka 1984 katika jimbo la Washington. Yeye ni wa taifa la Ho-Chunk, na upande mwingine ana asili ya Waluiseño wa California, kwa hiyo si Mchinook. Alijifunza Chinuk Wawa akiwa mtu mzima mjini Portland, akaifundisha, na kuanzia mwaka 2014 akatengeneza mfululizo wa filamu fupi ambamo lugha ndiyo mhusika. Katika wawa (2014) anaanza kama mtafiti anayewahoji wasemaji, kisha sauti na maandishi vinaingiliana hata mtazamaji hajui tena nani anamtafsiri nani. Katika Jáaji Approx. (2015) tunasikia sauti ya baba yake iliyorekodiwa, na maneno yake yanaandikwa kwenye picha kwa alama za fonetiki za kimataifa. "Jáaji" ni neno ambalo Waho-Chunk humwitia baba. Mtoto anayaandika matamshi ya baba yake kwa uangalifu wa mwanaisimu, na uangalifu huo unaonyesha upendo pamoja na umbali uliopo kati yao.

Katika Anti-Objects (2017) Hopinka anatumia kanda za mwaka 1983 za mzee Wilson Bobb, mmoja wa wasemaji wa mwisho wa kizazi chake, akizungumza na mtafiti Henry Zenk aliyekuwa akijifunza lugha hiyo. Juu ya sauti hizo tunaona Portland ya leo, pamoja na daraja lililofunguliwa mwaka 2015 na kuitwa Tilikum, neno la Chinuk Wawa lenye maana ya watu. Kinachonigusa katika kanda hizo ni kwamba ni mazungumzo. Mwanafunzi anasema, mzee anaitika. Kama mzee angeachwa peke yake mbele ya kinasa sauti, tungepata orodha ya maneno. Kamusi ya Grand Ronde iliyochapishwa mwaka 2012 ilijengwa kwa sehemu juu ya mazungumzo ya namna hiyo.

Filamu ndefu ya kwanza ya Hopinka, maɬni, ilionyeshwa mwaka 2020. Ndani yake watu wawili, mwanamume na mwanamke mjamzito, wanatembea katika misitu na kando ya maji wakizungumzia kuzaliwa na kufa. Sauti ya Hopinka inasimulia kisasili cha Wachinook kuhusu asili ya mauti, ambamo Mbwamwitu na Koyote, mnyama wa jamii ya mbweha, wanajadiliana kama wafu waweze kurudi. Wengi wetu tutakumbuka kisa cha kinyonga na ujumbe wake uliochelewa, kinachosimuliwa kwa namna nyingi miongoni mwa watu wa Kibantu.

Jaribio kubwa la filamu hii liko katika maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Mtu akizungumza Chinuk Wawa, tafsiri huandikwa kwa Kiingereza. Mtu akizungumza Kiingereza, tafsiri huandikwa kwa Chinuk Wawa. Wasomaji wa maandishi hayo ya pili ni wachache sana duniani, lakini filamu inaandika kama kwamba wapo, nao watakuja. Kiingereza, ambacho kwa kawaida ni lugha ya kutafsiria tu, kinageuzwa kuwa lugha inayohitaji kutafsiriwa. Zaidi ya hayo, kisasili kizito kuliko vyote, cha mauti, kinasimuliwa kwa lugha iliyoitwa ya soko, na lugha hiyo inakimudu.

6. Kioo kwetu

Mwaka 2018 Wahaida wa pwani ya Kanada walitoa SGaawaay K'uuna, filamu iliyoongozwa na Gwaai Edenshaw na Helen Haig-Brown. Wakati huo wasemaji walioimudu lugha yao walikuwa wapatao 20. Waigizaji wengi hawakuijua, ikabidi wafundishwe na wazee katika kambi kabla ya kupiga picha. Filamu imekwisha, lakini vijana waliojifunza mistari yao wamebaki na maneno vinywani.

Sisi je? Mwaka 2001, ule ule wa ushindi wa Atanarjuat, Martin Mhando na Ron Mulvihill walitoa Maangamizi, filamu ya Tanzania ambamo mzimu wa mababu unamjia mwanamke aliyekata usemi, na ambamo Amandina Lihamba ni mmoja wa waigizaji wakuu. Kiswahili kilibeba mzigo huo bila shida, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini fahari hiyo ina upande wa pili. Nchini Tanzania kuna lugha zaidi ya 100, na watafiti wa mradi wa Lugha za Tanzania walizikusanya katika Atlasi iliyochapishwa mwaka 2009. Mbele ya Kiingereza, Kiswahili ni lugha iliyodharauliwa na kushinda. Mbele ya lugha nyingi kati ya hizo, Kiswahili kimesimama mahali pale ambapo Kiingereza kimesimama mbele ya Chinuk Wawa: ndicho lugha ya shule, ya redio na ya vijana. Kilitufikisha hapo kwa kutuunganisha, wala si kwa viboko vya shule za bweni, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, kwa bibi ambaye wajukuu wake wanamwitikia kwa Kiswahili anapowasimulia kwa lugha yake, matokeo ni yaleyale. Mwanataaluma wa Kiswahili anayelia juu ya Kiingereza na kunyamaza juu ya hili amesoma nusu ya ukurasa.

7. Hitimisho

Historia niliyoieleza inaonyesha majibu manne kwa swali tulilolianza. Wanavajo wa 1966 walipanga picha kwa mantiki yao, ingawa bila sauti. Masayesva alisimulia kwa Kihopi na kuwaachia wageni kimya. Wainuit wa Igloolik walingoja mpaka chombo kikubali lugha yao. Hopinka aliandika tafsiri kwa ajili ya wasomaji ambao wengi wao bado hawajazaliwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedhani kwamba kurekodi pekee kunatosha.

Kwa wanafunzi watakaokwenda nyanjani, nina ombi moja la kiutendaji. Mnapomrekodi mzee, msimwekee kamera na kuketi kando mkisubiri amalize. Tafuteni mjukuu wake, akae mbele yake, amwitikie, hata kama atakosea. Kosa lake na masahihisho ya mzee viingizwe katika kanda, kwa kuwa hapo ndipo lugha inapohama kutoka kinywa kimoja kwenda kingine. Na anayeandaa tafsiri afikirie pia kuandika kwa lugha ndogo chini ya maneno ya Kiswahili. Wasomaji watakuwa wachache mwanzoni. Hata Chinuk Wawa ilipoandikwa chini ya Kiingereza, mwandishi wake alilijua hilo, akaandika.